Mnara wa simu au simu yenyewe? Ukweli kuhusu mionzi kwa watu wa Handeni na Korogwe

Kampuni ya simu ikija kijijini kutafuta kiwanja cha mnara, iwe huku tambarare za Handeni au kule milimani Korogwe, kuna swali ambalo halikosekani: "Na hiyo mionzi je?" Mmoja amesikia mnara unaleta saratani. Mwingine kaambiwa unamaliza nguvu za kiume. Yupo anayesema kichwa kinamuuma tangu mnara wa jirani ujengwe. Kwa upande wa pili, jibu huwa sentensi moja, "ni salama kabisa," halafu maongezi yanahamia kwenye kodi ya kiwanja. Jibu fupi namna hiyo halimtoi mtu wasiwasi, linamuongezea.

Kwa hiyo tulichambue taratibu. Na nikwambie mapema kitu ambacho wengi hawakitegemei: kama mionzi ya simu ndiyo inayokutia hofu, basi mnara ulio mbali ndio unaokuletea mionzi mingi zaidi kichwani kuliko mnara ulio karibu. Soma uone kwa nini.

Neno moja, vitu viwili tofauti

Sehemu kubwa ya hofu inaanzia kwenye neno lenyewe. Kiswahili kina neno moja, mionzi, na tunalitumia kwa kila kitu. Jua lina mionzi. Eksirei ni mionzi. Mgonjwa wa saratani akipelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, anaambiwa atapata tiba ya mionzi. Madini ya urani ya Namtumbo yana mionzi. Halafu simu nayo ina mionzi. Mtu akisikia hivyo anaviweka vyote kapu moja, na huwezi kumlaumu.

Lakini havifanani. Mionzi ya eksirei na ya urani ina nguvu ya kuvunja chembe ndogo kabisa zinazojenga mwili, ikiwemo DNA, ule mpangilio unaoiambia seli ijijenge vipi. DNA ikivunjika na isijirekebishe vizuri, seli inaweza kuanza kukua ovyo. Hiyo ndiyo saratani. Ndiyo maana mpiga picha za eksirei hospitalini anakwenda kusimama nyuma ya ukuta kabla ya kubonyeza.

Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Hayo ni ndugu wa mawimbi ya redio. Chukua mfano wa mahindi: ukirusha debe zima la punje za mahindi kwenye kioo cha dirisha, punje moja moja, kioo hakivunjiki hata ukirusha mchana kutwa. Ukirusha jiwe moja la ngumi, kioo kimekwenda. Eksirei ni mawe. Simu ni punje za mahindi. Tena hata mwanga wa kibatari una "punje" nzito kuliko za simu, mara laki mbili na zaidi, na hakuna aliyewahi kukimbia kibatari kwa kuogopa mionzi (moshi wake, hilo ni jambo jingine).

Je, hii ina maana mawimbi ya simu hayafanyi chochote mwilini? Hapana. Yanapasha joto. Ndiyo kazi inayofanywa na oveni ya maikrowevu, ambayo inatumia mawimbi ya jamii hiyo hiyo, ila yenyewe inatumia wati kama 800 ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, wakati simu yako inatumia chini ya wati moja kwa wastani, hewani. Joto unalolisikia sikioni baada ya kuongea nusu saa linatoka zaidi kwenye betri na kwenye ngozi iliyozibwa isipate hewa kuliko kwenye mawimbi.

Viwango vya kimataifa vimewekwa kuzuia joto hilo. Watafiti walitafuta kiasi kinachoanza kuleta madhara kwa mwili mzima, wakapata kama wati 4 kwa kila kilo ya mwili, kisha wakagawa kwa 50 ndipo wakaweka kikomo kwa raia wa kawaida. Kwa simu inayoshikwa sikioni, kikomo cha kichwa ni wati 2 kwa kilo. Marekani wao wanatumia 1.6, kwa kipimo chao tofauti kidogo.

Unaweza kuangalia ya kwako sasa hivi. Bonyeza *#07# kama unavyopiga salio. Simu nyingi zitakuonyesha namba inayoitwa SAR, ya kichwa na ya mwili. Zikigoma, angalia kwenye mipangilio au karatasi iliyokuja na boksi. Namba hiyo ni ya hali mbaya kabisa, simu ikiwa imesukumwa kufanya kazi kwa nguvu zote. Siku ya kawaida simu haifiki huko. Isipokuwa katika mazingira fulani, na hapo ndipo Handeni na Korogwe wanapoingia.

Simu ikiwa mbali na mnara, inapiga kelele

Simu na mnara wanaongea kama watu wawili. Wakiwa karibu, wananong'ona. Wakiwa mbali, au kuna mlima katikati, simu inabidi ipaze sauti ili mnara uisikie. Mnara wenyewe ndio unaoiamuru: "Sikusikii, ongeza," au "Inatosha, punguza." Hiyo inafanyika mara nyingi ndani ya dakika moja bila wewe kujua, na tofauti kati ya kunong'ona na kupiga kelele si ndogo. Ni mara mamia.

Sasa fikiria mtu anayekaa ndani ndani huko Handeni, mbali na Chanika, ambaye akitaka kuongea na mtoto wake aliyeko Dar inabidi apande juu ya kichuguu au asimame chini ya mwembe fulani unaojulikana kijiji kizima kwamba "hapa ndipo mtandao unakamata." Vijistari viwili, kimoja kinapotea. Amebana simu sikioni anapaza sauti, na simu nayo inapaza ya kwake. Huyo anapata mawimbi mengi zaidi kichwani kuliko mtu wa Manundu mjini Korogwe anayeongea huku mnara anauona kwa macho.

Milimani ni hivyo hivyo. Ukipanda upande wa Bungu, Vugiri au Dindira, Usambara yenyewe inakata mawimbi. Mnara unaweza kuwa hauko mbali kwa kunyoosha mstari, lakini umekingwa na mlima, na kwa simu mlima ni sawa na umbali.

Safarini pia. Basi la kutoka Korogwe kwenda Handeni, kilomita 65 za lami, linapita kutoka eneo la mnara mmoja hadi mwingine. Kila simu inapohamia mnara mpya, hasa kwenye mtandao wa 2G, inaanza kwa sauti ya juu kisha ndiyo inashuka. Na simu iko ndani ya bodi la bati. Kama una maongezi marefu, yasubiri ufike stendi.

Hapo kwenye 2G pana jambo linalowashangaza watu. Wapo wanaoamini kitochi ni salama kuliko simu janja, kwa sababu "hakina intaneti, mionzi yake midogo." Kwenye kupiga simu ni kinyume. Kitochi cha 2G kinaweza kupanda hadi wati 2 kwa mpigo mmoja mmoja, wastani wake kama robo ya wati, na hakijui sana kujishusha. Simu ya 3G au 4G kikomo chake ni kidogo zaidi, na mahali mtandao ukiwa mzuri inatumia sehemu ndogo mno ya kikomo hicho. Simhukumu mwenye kitochi. Chaji yake inakaa siku nne, na kwa kijiji kisicho na umeme hiyo si hoja ndogo. Ila kama sababu yako ni mionzi tu, sababu hiyo haisimami.

Na mnara wenyewe je?

Mnara unatisha kwa sababu ni mrefu, ni wa chuma, una taa nyekundu usiku na uzio wenye maandishi ya hatari. Lakini antena zilizoko juu hutuma mawimbi kwa makumi ya wati tu kila moja. Ni sawa na balbu moja au mbili za zile za zamani. Kituo cha redio ya FM kinatumia nguvu kubwa kuliko hapo, na watu wamekaa jirani na mitambo ya redio tangu enzi za mabibi na mababu.

Jambo la pili ni umbali. Ukiwa mbali na chanzo mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo. Mara kumi, inabaki moja ya mia. Simu iko sentimita moja kutoka kwenye ubongo wako, mnara uko mita mia moja. Hata ukisema mnara una nguvu mara mia kuliko simu, na kwamba unaelekeza mawimbi yake kama tochi, bado umbali unashinda kwa mbali sana. Na ile tochi haimuliki chini. Inamulika mbele, ikiinama kidogo, ili ifike kwenye vijiji vya pembeni. Aliyejenga nyumba chini kabisa ya mnara mara nyingi anapata kidogo kuliko wa mita mia mbili mbele, na wote wawili wanapata kidogo sana.

Kidogo kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikusanya vipimo vya nchi mbalimbali mwaka 2006. Mawimbi yaliyokuwa yakiwafikia watu karibu na minara yalikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya kikomo cha kimataifa. Shirika hilo hilo lilieleza kuwa mwili unanyonya mawimbi ya redio ya FM na televisheni hadi mara tano kuliko ya mnara wa simu yenye nguvu sawa.

Hapa nyumbani kazi ya kudhibiti mionzi, ya kuvunja chembe na isiyovunja, ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Maabara zake ziko Njiro, Arusha. Wataalamu wake wana vifaa vya kupima mawimbi ya minara, na kijiji kina haki ya kuomba kupimiwa kupitia serikali ya kijiji na halmashauri. Nadhani njia hiyo ina maana kuliko kubishana kwenye kijiwe cha kahawa. Mashine inasoma namba, namba inaandikwa, na kila mtu anaiona.

Sasa, wale wanaosema kichwa kinawauma? Kinawauma kweli, usiwacheke. Swali ni chanzo. Kuna kisa cha Craigavon, Johannesburg, Afrika Kusini, mwishoni mwa 2009. Wakazi walilalamika kuwa mnara mpya umewaletea vipele, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Wakasema wakiondoka eneo hilo wanapona, wakirudi yanaanza upya. Baadaye kampuni ikaeleza kuwa ilikuwa imeuzima mnara huo wiki kadhaa nyuma, kimya kimya, na malalamiko yaliendelea wakati umezimwa. Majaribio ya maabara yameonyesha hivyo hivyo: mtu asipoambiwa kama kifaa kimewashwa au kimezimwa, hawezi kujua, na kichwa kinauma pande zote mbili. Wasiwasi wenyewe unaumiza mwili. Na usisahau kuwa maumivu ya kichwa ya muda mrefu yanaweza kuwa presha, macho au malaria. Ukiishia kuulaumu mnara, hivyo havitapimwa.

Saratani: utafiti unasema nini hasa

Hapa twende kwa uangalifu, maana ndipo uongo unapokaa pande zote.

Mei 2011, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya WHO, liliyaweka mawimbi ya simu kwenye kundi linaloitwa 2B, maana yake "huenda yakasababisha saratani." Habari ikazunguka dunia nzima: WHO yasema simu inaleta saratani. Haikusema hivyo. Kundi 2B ni la vitu ambavyo ushahidi wake ni mdogo na bado haujatosha kuamua. Ndani ya kundi hilo kuna dondoo ya jani zima la mshubiri, ule tunaouita aloe vera, na achari za kienyeji za Asia.

Ukitaka kuona jinsi kitu kilichothibitishwa kinavyofanana, angalia Kundi la 1. Sigara imo. Pombe imo. Na imo sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga. Hiyo inawahusu wakulima wa Handeni moja kwa moja, kwa sababu mahindi ndiyo maisha yao. Mwaka 2016 sumukuvu iliwaugua watu 68 mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafa. Hao walikufa kwa dozi kubwa ya ghafla. Dozi ndogo ya miaka mingi huharibu ini na kuleta saratani yake. Mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka vizuri yana hatari iliyo wazi kuliko mnara wowote, lakini hayana taa nyekundu juu, kwa hiyo hayaogopwi.

Kwa nini IARC waliweka hata hilo "huenda"? Sababu mojawapo ni utafiti wa Interphone wa nchi 13, uliotoka mwaka 2010. Kwa jumla haukuona ongezeko la uvimbe wa ubongo kwa watumiaji wa simu. Lakini kwenye kundi la waliosema wameongea sana kuliko wote, saa 1,640 na zaidi, ambayo ni kama nusu saa kila siku kwa miaka kumi, ilionekana dalili ya ongezeko la asilimia 40 la aina moja ya saratani ya ubongo. Tatizo ni kwamba watu waliulizwa wakumbuke wenyewe waliongea muda gani miaka ya nyuma. Baadhi walisema waliongea saa 12 kwa siku. Na mgonjwa wa uvimbe anayetafuta sababu hukumbuka tofauti na mtu mzima wa afya. Watafiti wenyewe walikiri kuwa kasoro hizo zinawazuia kusema simu ndiyo chanzo.

Panya nao wametajwa sana. Marekani, mwaka 2018, ilitoa matokeo ya panya waliowekwa kwenye mawimbi mwili mzima saa 9 kila siku kwa miaka miwili. Panya dume walionekana na uvimbe wa moyo zaidi ya kawaida. Panya jike hapana. Na kioja ni kwamba wale dume waliopigwa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wale ambao hawakupigwa. Anayekutumia habari ya uvimbe WhatsApp huwa haambatanishi hiyo ya maisha marefu.

Tangu hapo zimekuja tafiti ambazo hazitegemei kumbukumbu ya mtu, zinamfuata miaka kwa miaka. Denmark iliwafuatilia wateja wa simu 358,403. Uingereza iliwafuatilia wanawake zaidi ya laki saba, matokeo mapya yakatoka mwaka 2022. Utafiti wa COSMOS wa nchi za Ulaya, wenye watu zaidi ya 264,000, ulitoka 2024. Wa vijana wa miaka 10 hadi 24 kutoka nchi 14, karibu 900 wakiwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo, ulitoka kuelekea 2022. Hakuna uliokuta simu inaongeza uvimbe wa ubongo. Mwaka huo wa 2024 timu iliyoagizwa na WHO ikapitia tafiti 63 za kati ya 1994 na 2022 na kufikia jibu hilo hilo, hata kwa waliotumia simu miaka kumi na zaidi.

Kuna jambo moja ambalo hata mtu asiyeamini tafiti anaweza kulipima mwenyewe. Miaka thelathini iliyopita simu za mkononi zilikuwa za wachache, leo ziko mabilioni. Kama zingekuwa zinaleta saratani ya ubongo kwa kiwango kinachosemwa, nchi zenye daftari kamili za saratani, kama zile za kaskazini mwa Ulaya, zingeona mlima. Hazijauona.

Je, kesi imefungwa? Hapana. Saratani nyingine huchukua miaka mingi kujitokeza, na IARC wameyaweka mawimbi haya kwenye orodha ya vitu vya kupitiwa upya. Lakini tofauti ya "bado tunaangalia" na "inaua" ni kubwa. Saratani inayowaua zaidi wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi, na hiyo chanjo yake ipo. Ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Mzazi anayeukataa mnara kwa kuogopa saratani, halafu akamficha binti siku ya chanjo shuleni, amekimbia kivuli akakumbatia mwiba.

Nguvu za kiume, na simu ya mfukoni

Hili linaulizwa kwa sauti ya chini, kwa hiyo tuseme kwa sauti. Kwanza, nguvu za kiume na mbegu za kiume ni vitu viwili. Hakuna utafiti mzito unaoonyesha simu inapunguza nguvu. Ukiwa na tatizo hilo, pima sukari na presha kwanza.

Kuhusu mbegu, kuna jambo la kuzingatia. Mwaka 2023 watafiti wa Uswisi walitoa matokeo ya vijana 2,886 waliopimwa kati ya 2005 na 2018. Waliokuwa wakitumia simu zaidi ya mara 20 kwa siku walikuwa na mbegu chache kuliko waliotumia mara moja kwa wiki, japo wengi bado walikuwa ndani ya kiwango cha kawaida. Lakini kuweka simu mfuko wa suruali hakukuleta tofauti yoyote. Na uhusiano ule ulikuwa mkubwa miaka ya mwanzo, ukapungua jinsi 2G ilivyopisha 3G na 4G. Huenda ni simu, huenda ni maisha ya mtu anayeshinda kwenye simu: kukaa sana, kulala kidogo. Hili mimi naliacha wazi, kwa sababu liko wazi.

Usiuziwe uongo

Ukiona mtu anauza kibandiko cha kuzuia mionzi cha kubandika nyuma ya simu, mwache nacho. Hakizuii kitu. Kingeweza kuzuia kweli, simu ingepoteza mtandao na kupiga kelele zaidi, tumeshaona hiyo habari. Mabaya zaidi ni vidani na bangili za "kujikinga na 5G" zinazouzwa mitandaoni. Desemba 2021 mamlaka ya mionzi ya Uholanzi ilipima bidhaa kumi za namna hiyo, mojawapo bangili ya mtoto, ikakuta zenyewe zinatoa mionzi, ile ya mawe, ya kuvunja chembe. Watu walilipa pesa kukimbia punje za mahindi wakavaa jiwe shingoni.

Simu feki ni suala jingine. Simu yenye jina la kughushi haikupimwa na mtu, SAR yake haijulikani. TCRA ilizizima simu za namna hiyo usiku wa Juni 16, 2016, lakini zinarudi kwa njia za panya. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, itume kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya kampuni gani na aina gani. Majibu yasipofanana na simu uliyoshika, rudisha dukani. Hata kampuni kubwa hukamatwa: Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 baada ya kuipima na kukuta inatoa wati 5.74 kwa kilo ikishikwa mkononi, wakati kikomo ni 4, hadi Apple waliporekebisha programu.

Kwa anayetaka kupunguza bila kuacha simu, njia ni rahisi. Weka loa spika au tumia waya wa masikioni, maana ukiisogeza simu sentimita thelathini tu kutoka kichwani umeondoa karibu yote. Mtandao ukiwa wa kubabaisha, tuma ujumbe. Ukipiga, subiri ipokelewe ndipo uweke sikioni. Na usiongee ukiwa kwenye usukani au juu ya bodaboda. WHO inasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali kama mara nne zaidi, na barabara ya Segera kwenda Korogwe haisamehi. Kwenye orodha yote ya madhara ya simu, hilo ndilo lisilohitaji utafiti mwingine.

Mkutano wa kijiji ukiitishwa

Kijiji kikiukataa mnara, hakijaondoa mionzi. Simu za watu zitaendelea kupiga kelele kutafuta mnara wa mbali, kila siku, masikioni mwao. Na kimepoteza kitu kingine. Tangu Aprili 2022 nchi ina mfumo wa m-mama: mjamzito au mama aliyejifungua akipata dharura, ndugu anapiga 115 bure, dereva wa karibu anaitwa kumpeleka kituo cha afya au hospitali. Mama anatokwa damu saa nane usiku, na simu haina hata kijistari kimoja. Hapo hakuna 115.

Serikali inaendelea kupeleka minara vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 nchi nzima. Ikifika zamu yenu, yapo maswali ya maana kuliko mionzi. Umeme wake ni wa sola, wa gridi, au ni jenereta la dizeli litakalounguruma usiku kucha na kumwaga moshi dirishani kwa mtu? Uzio ni wa kuzuia watoto kweli? Kuna nyaya za kushusha radi ardhini? Cheti cha mazingira kiko wapi? Mwenye kiwanja analipwa kiasi gani, kwa miaka mingapi, na mkataba ameusoma kwa lugha anayoielewa? TAEC watakuja kupima lini baada ya kuwashwa, na matokeo yatabandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi ya kijiji? Hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na nakala ibaki kwa mtendaji.